Siku 35 bila mshahara: nani abebe lawama ya kufungwa kwa serikali ya Marekani?

Ijumaa ya tarehe 11 Januari 2019, wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani walifungua hati zao za mshahara wakakuta sifuri. Wengi walizipiga picha na kuziweka mtandaoni, na picha zilifanana: jina la idara, tarehe za kipindi cha malipo, kisha kwenye mstari wa kiasi kinachoingia benki, dola 0.00. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotoka zamu saa chache tu kabla: wakaguzi wa abiria viwanja vya ndege, askari magereza, waongoza ndege, askari wa mpakani.

Jumla yao ilikuwa kama 800,000. Takriban 380,000 walikuwa wameambiwa wakae nyumbani kwa likizo ya lazima isiyo na malipo. Hao wengine 420,000 waliambiwa waendelee kufika kazini, mshahara wao utakuja siku serikali itakapofunguliwa. Serikali ilikuwa imefungwa tangu usiku wa kuamkia Jumamosi, 22 Desemba 2018, na haikufunguliwa hadi 25 Januari 2019. Siku 35. Hadi wakati huo Marekani haikuwahi kufunga serikali kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kwetu Afrika Mashariki mshahara kuchelewa si habari ngeni. Walimu wanalijua hilo, wauguzi wa kaunti wanalijua, na mzabuni anayeidai halmashauri ndiye analijua zaidi. Ila huku sababu inayotolewa huwa ileile: fedha hazijaingia. Kisa cha Marekani ni cha aina nyingine. Hazina ilikuwa na fedha, kodi zilikuwa zinakusanywa, hakukuwa na vita wala mapinduzi. Kilichokosekana ni idhini ya kisheria ya kuzitoa fedha hizo, na idhini hiyo ilizuiwa kwa makusudi na watu tunaowajua kwa majina. Kwa hiyo swali la nani alaumiwe lina jibu, ingawa jibu lenyewe si la mtu mmoja.

Ugomvi wa ukuta

Katiba ya Marekani inasema hakuna fedha itakayotoka Hazina bila sheria iliyopitishwa na Congress, yaani bunge lao lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi. Kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba, Congress inatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi. Mwaka 2018 ilipitisha mitano kwa wakati, ikiwemo ya ulinzi, afya, elimu na kazi. Saba iliyobaki iliwekwa chini ya sheria ya muda, kwanza hadi tarehe 7 Desemba, kisha ikasogezwa hadi tarehe 21 kwa sababu nchi ilikuwa kwenye msiba wa rais wa zamani George H. W. Bush. Kwa hiyo serikali haikufungwa yote. Wizara 9 kati ya 15 ndizo zilizoguswa: Usalama wa Ndani, Sheria, Fedha, Mambo ya Nje, Uchukuzi, Kilimo, Biashara, Nyumba, na ile inayosimamia ardhi ya umma na mbuga.

Muswada mmoja kati ya hiyo mitano iliyopita kwa wakati ulikuwa wa matumizi ya Congress yenyewe. Uweke akilini, tutauhitaji.

Rais Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta kwenye mpaka na Mexico, ule ukuta aliowaambia wapiga kura mwaka 2016 kwamba Mexico ndiyo itakayoulipia. Tarehe 11 Desemba aliwaita Ikulu viongozi wawili wa chama pinzani cha Democrats, Nancy Pelosi na Chuck Schumer, na kamera za televisheni zikaachwa ndani. Mazungumzo yakageuka kuwa majibizano. Mwishoni Trump akamwambia Schumer kwamba anajivunia kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka. Akaongeza kwamba dhamana ataibeba yeye, yeye ndiye atakayeifunga, na hatawalaumu wao.

Siku nane baadaye, tarehe 19 Desemba, Seneti iliyokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe cha Republican ilipitisha kwa sauti za ndiyo muswada wa kuendesha serikali hadi 8 Februari, bila fedha za ukuta. Watu walidhani mambo yameisha. Kesho yake, baada ya watangazaji wa mrengo wake kumshambulia kwamba amesalimu amri, Trump akasema hatausaini. Baraza la Wawakilishi, nalo likiongozwa na Republican, likageuka na kupitisha muswada wenye zile bilioni 5.7 kwa kura 217 dhidi ya 185. Ulipofika Seneti, ambako jambo kama hilo linahitaji kura 60, ukakwama. Usiku wa manane ukafika.

Mnamo 3 Januari 2019 Democrats walishika Baraza la Wawakilishi baada ya kushinda uchaguzi wa Novemba, Pelosi akawa Spika, na siku hiyohiyo wakapitisha miswada ya kufungua serikali. Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi Seneti, hakuipeleka ukumbini. Hoja yake ilikuwa kwamba haoni sababu ya kupigia kura kitu ambacho rais hatakisaini. Wiki tatu zikapita hivyo.

Kwa nini mtu afanye kazi bila kulipwa?

Msomaji atauliza: kama hakuna fedha, kwa nini mkaguzi wa uwanja wa ndege asikae nyumbani kama wenzake? Jibu liko kwenye sheria ya karne ya 19 inayomkataza ofisa yeyote wa serikali kutumia fedha, au kuingia ahadi ya kutumia fedha, ambazo Congress haijaidhinisha. Sheria hiyohiyo inakataza serikali kupokea kazi ya kujitolea. Ilitungwa kwa sababu idara zilikuwa na mchezo wa kumaliza fungu mapema, kisha kurudi Congress na madeni mkononi wakisema tumeshatumia, lipeni.

Kwa miaka mingi sheria hiyo haikufunga ofisi yoyote. Bajeti ikichelewa, idara zilipunguza safari na ununuzi, wafanyakazi wakaendelea, na Congress ikaja kuziba pengo. Mambo yalibadilika mwaka 1980. Benjamin Civiletti, Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, alitoa maoni kwamba sheria inamaanisha inachosema: bila idhini ya Congress, idara haina ruhusa hata ya kumweka mtu kazini. Januari 1981 akatoa maoni ya pili yaliyolegeza kidogo. Kazi zinazohusu usalama wa uhai wa watu na ulinzi wa mali zinaweza kuendelea.

Kwa maoni yangu hiyo ruhusa ya pili, iliyoonekana ya busara, ndiyo iliyozaa balaa lote la wafanyakazi. Tuseme isingekuwepo. Bajeti ikikosekana usiku wa manane, minara ya kuongozea ndege inazima taa, ndege zinabaki chini kuanzia alfajiri, magereza hayana askari. Hakuna mwanasiasa angevumilia hali hiyo hadi saa sita mchana. Wangekaa chini wakamalizana. Lakini kwa kuwa anayeongoza ndege analazimika kuja kazini, ndege zinaruka, abiria hana habari, na ugomvi wa wakubwa unaweza kuchukua wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tano. Anayezilipia wiki hizo ni yule mwongoza ndege.

Na hawezi kugoma. Sheria ya Marekani inawakataza wafanyakazi wa serikali kuu kugoma, na waongoza ndege wanalikumbuka vizuri somo la Agosti 1981, pale Rais Ronald Reagan alipowafukuza zaidi ya 11,000 kati yao kwa kugoma. Kwa hiyo mwajiri anaweza kukuambia uje kazini, asikulipe, na ukikataa kuja ukapoteza ajira. Katika sekta binafsi ya nchi hiyohiyo, mwajiri wa hivyo angefikishwa mahakamani.

Mshahara wenye wenyewe

Marekani mfanyakazi wa serikali hulipwa kila baada ya wiki mbili, kwa kazi ya wiki mbili zilizotangulia. Malipo ya kabla ya kufungwa yaliingia mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo Krismasi na mwaka mpya zilipita bila kishindo. Ndiyo maana wiki za kwanza wanasiasa hawakuwa na haraka. Sifuri ya kwanza ilikuja tarehe 11 Januari, ya pili ikaja tarehe 25, na katikati hapo bili zikaendelea kuingia kama kawaida.

Mtu wa mbali anaweza kudhani mfanyakazi wa serikali ya nchi tajiri ana akiba ya kumvusha mwezi. Utafiti wa benki kuu ya Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 4 kati ya 10 wasingeweza kulipa dharura ya dola 400 kwa fedha taslimu au akiba. Wangekopa, wangeuza kitu, au wangeshindwa kabisa. Wakaguzi wa viwanja vya ndege ni miongoni mwa wanaolipwa kidogo zaidi serikalini. Mshahara wao ukiingia tayari una wenyewe: kodi ya nyumba, mkopo wa gari, ada ya kulea mtoto.

Serikali yenyewe ilitoa ushauri. Mnamo 27 Desemba ofisi inayosimamia utumishi wa umma ilisambaza mifano ya barua ambazo mfanyakazi angeweza kumwandikia mwenye nyumba au anayemdai. Mojawapo ilipendekeza afanye kazi za mikono kwenye jengo, kama kupaka rangi na useremala, badala ya sehemu ya kodi. Yaani mkaguzi wa kodi wa serikali ya Marekani ashike brashi ya rangi apewe nafuu na mwenye nyumba, kwa sababu mwajiri wake hajamlipa. Kitengo cha kuwasaidia wafanyakazi wa Walinzi wa Pwani nacho kilitoa karatasi ya mapendekezo: uza vitu vyako nje ya nyumba, lea watoto wa watu, tembeza mbwa wa watu. Karatasi hiyo iliondolewa baada ya waandishi wa habari kuiulizia.

Walinzi wa Pwani ni wanajeshi. Wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, si ya Ulinzi, na wizara yao ndiyo haikuwa na bajeti. Tarehe 15 Januari mishahara yao haikuingia, na kamanda wao, Admirali Karl Schultz, akawaandikia kwamba kwa anavyofahamu ni mara ya kwanza katika historia ya taifa wanajeshi kukosa mshahara kwa sababu ya bajeti kukosekana. Meli zao zilikuwa baharini siku hiyo.

Wenye nafasi nao walikuwa na lao. Kevin Hassett, mshauri mkuu wa uchumi wa rais, aliwaza hadharani kwamba waliokaa nyumbani kwa namna fulani wamepata faida, kwani wamepumzika bila kutumia siku zao za likizo na mshahara watalipwa baadaye. Tarehe 24 Januari Waziri wa Biashara Wilbur Ross, mtu mwenye utajiri wa mamilioni mengi, alisema kwenye televisheni kwamba haelewi vizuri kwa nini wafanyakazi wanakwenda kupanga foleni za chakula cha msaada, ilhali wanaweza kukopa. Chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa wizara yake mwenyewe kilikuwa kinatoza mkopo huo wa dharura riba ya karibu asilimia 9. Kwa hesabu ya Ross, mfanyakazi akope fedha zake mwenyewe, azilipie riba, na ashukuru.

Foleni hizo zilikuwa za kweli. Mpishi José Andrés, ambaye shirika lake la World Central Kitchen limezoea kupika kwenye maeneo ya vimbunga na matetemeko, alifungua jiko katika barabara ya Pennsylvania jijini Washington, kati ya Ikulu na Congress. Sharti lilikuwa moja: onyesha kitambulisho cha kazi cha serikali. Watu wenye suti na beji shingoni walisimama kwenye baridi ya Januari wakingoja sahani.

Kuna waliodhani msaada wa wasio na ajira utawaokoa. Waliokaa nyumbani waliweza kuuomba katika majimbo yao, na wakilipwa malimbikizo wanarudisha. Waliokuwa wakifanya kazi bila malipo hawakustahili, kwa sababu kisheria wana ajira. Gavana wa California, Gavin Newsom, alitaka kuwapa hata hao. Serikali kuu ikasema hapana.

Mahakama za uhamiaji pia zilifungwa, isipokuwa kwa walioko kizuizini. Ugomvi ulikuwa wa uhamiaji, lakini makumi ya maelfu ya kesi za uhamiaji yaliahirishwa, kesi ambazo baadhi zilikuwa zimesubiri miaka kupata tarehe. Mkongomani au Mrundi aliyeomba hifadhi na kujiandaa kwa tarehe yake ya Januari alirudishwa mwisho wa mstari. Mfumo wa kompyuta ambao waajiri hutumia kuhakiki kama mtu ana ruhusa ya kufanya kazi nchini nao ulizimwa. Waliotaka mpaka ulindwe zaidi walikuwa wamezima vyombo vyao wenyewe.

Wafagizi hawakulipwa hata baadaye

Tarehe 16 Januari Trump alisaini sheria inayosema kwamba wafanyakazi wa serikali, waliokaa nyumbani na waliokwenda kazini, watalipwa malimbikizo yao yote serikali ikifunguliwa, na kwamba itakuwa hivyo kwa kufungwa kokote kutakakofuata. Kabla ya hapo waliokaa nyumbani walilazimika kusubiri huruma ya Congress kila mara.

Sheria hiyo inawataja wafanyakazi walioajiriwa na serikali. Majengo mengi ya serikali ya Marekani hayafagiliwi na waajiriwa wa serikali. Yanafagiliwa na kampuni zenye zabuni, kama huku kwetu. Anayesafisha vyoo vya makumbusho za Smithsonian, mlinzi anayekaa mlangoni, mama anayegawa chakula kwenye kantini ya wizara, wote hao mwajiri wao ni mkandarasi. Smithsonian ilifunga milango yake tarehe 2 Januari. Mkandarasi hakulipwa, naye hakuwalipa watu wake, ambao wengi hulipwa kwa saa. Serikali ilipofunguliwa, mchumi wa wizara alipata malimbikizo ya wiki tano ambazo hakufanya kazi. Mfagizi wa ofisi yake hakupata kitu.

Seneta Tina Smith wa Minnesota alipeleka muswada wa kuwafidia wafanyakazi hao wa kipato cha chini. Mwezi Februari, makubaliano ya bajeti yalipokuwa yanaandikwa, fidia hiyo ilijaribiwa kuingizwa humo. Seneta Roy Blunt wa Republican akawaambia waandishi kwamba ameambiwa rais hatasaini kitu cha namna hiyo. Ikatolewa.

Sehemu hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Hasara ya mwajiriwa wa serikali ilikuwa ya muda, na kwa wengi ilikuwa kubwa: riba, faini za kuchelewa, usingizi. Hasara ya mfagizi ilikuwa ya kudumu. Mishahara miwili iliyokufa ikafa, na katika mabishano yote ya nani mwenye kosa, jina la kundi lake halikutajwa sana na upande wowote.

Kilichofungua serikali

Zipo njia mbili za kusimulia mwisho wa kisa hiki, na zote mbili zina ukweli.

Ya kwanza ni ya kura. Uchunguzi wa maoni wa Washington Post na ABC uliotolewa 13 Januari ulionyesha asilimia 53 wanamlaumu Trump na Republican, asilimia 29 wanawalaumu Democrats. Maseneta wa Republican wakaanza kutokwa jasho. Tarehe 24 Januari miswada miwili ikapigiwa kura Seneti: wa Trump ukapata kura 50 dhidi ya 47, wa Democrats ukapata 52 dhidi ya 44. Yote miwili ilianguka, kwa kuwa zilihitajika 60, lakini kila mtu alihesabu: muswada usio na ukuta ulikuwa na kura nyingi kuliko wenye ukuta, kwenye Seneti ya Republican. Maseneta sita wa chama cha rais walikuwa wamevuka mstari.

Ya pili ni ya viwanja vya ndege. Wakaguzi walikuwa wameanza kutofika. Hawakugoma; walipiga simu kusema wanaumwa, na wengine walisema wazi kwamba hawana nauli au fedha ya kumlipa wa kubaki na mtoto. Tarehe 20 Januari, mkaguzi 1 kati ya 10 hakufika, wakati siku kama hiyo mwaka uliotangulia waliokosekana walikuwa kama asilimia 3. Uwanja wa Miami ulikuwa umeshafunga sehemu yake moja mapema kwa siku kadhaa kwa kukosa wakaguzi. Houston nako sehemu moja ilifungwa. Sara Nelson, kiongozi wa chama cha wahudumu wa ndege, ambao hawaajiriwi na serikali na hivyo mdomo wao ni huru, akaviomba vyama vya wafanyakazi vizungumzie mgomo wa nchi nzima.

Asubuhi ya Ijumaa, 25 Januari, idadi ndogo ya waongoza ndege haikufika kwenye vituo viwili, kimoja Virginia na kingine Florida. Ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa kuruka. Ucheleweshaji ukasambaa hadi Newark na Philadelphia. Mchana wa siku hiyohiyo Trump akatoka kwenye bustani ya Ikulu akatangaza kwamba serikali itafunguliwa kwa wiki tatu, bila hata dola moja ya ukuta.

Huwezi kusema kwamba waongoza ndege hao peke yao ndio walioifungua. Kura za jana yake zilikuwa zimeshaonyesha njia. Lakini muswada uliosainiwa tarehe 25 ulikuwa, kimsingi, uleule uliokuwa mezani tarehe 19 Desemba, na hakuna hoja mpya iliyotolewa katikati. Kilichobadilika ni kwamba maumivu yalihama kutoka kwenye akaunti za wafanyakazi yakaingia kwenye ratiba za abiria.

Makubaliano ya Februari yalitoa dola bilioni 1.375 kwa uzio wa kilomita kama 88. Mwaka uliotangulia kamati ya Seneti ilikuwa imeshakubali bilioni 1.6. Trump alisaini, kisha akatangaza hali ya dharura ili achukue fedha za ujenzi wa jeshi. Ofisi ya bajeti ya Congress ikakadiria kwamba uchumi ulipungukiwa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi.

Lawama ni ya nani

Methali ya fahali wawili na nyasi inakuja mdomoni haraka, na magazeti mengi ya Kiswahili yaliitumia kisa hiki kilipotokea na kila kinapojirudia. Siipendi hapa. Inawafanya mafahali wawe sawa, kana kwamba walikutana tu malishoni wakagongana.

Kisa cha 2018 hakikuwa cha sare. Kulikuwa na makubaliano ya vyama vyote viwili, yaliyopita Seneti kwa sauti, na mtu mmoja akayakataa baada ya kusema mbele ya kamera kwamba dhamana ni yake. Kwa tukio hili, mwenye kosa la kwanza ni Trump, na ushahidi ni maneno yake. Wa pili ni McConnell. Congress inaweza kumshinda rais kwa theluthi mbili ya kila bunge; hakuna ajuaye kama theluthi mbili ingepatikana Januari 2019, kwa sababu kwa wiki tatu aliyeshika ratiba hakuruhusu ijaribiwe. Democrats walikataa kulipa bilioni 5.7, hilo ni kweli, na unaweza kusema fedha hizo ni tone katika bajeti ya Marekani. Lakini ukikubali mara moja kulipia kila mlango unaofungwa, utalipia milango mingi.

Hata hivyo ukiishia hapo unakosa jambo lililo zito zaidi. Silaha aliyoitumia Trump hakuitengeneza yeye. Januari 2018, mwaka mmoja kabla, Democrats wa Seneti walikataa bajeti kwa sababu ya vijana wahamiaji walioletwa nchini wakiwa watoto, na serikali ikafungwa siku tatu. Oktoba 2025 walikataa tena kura zao, safari hii wakidai ruzuku za bima ya afya, na serikali ikafungwa siku 43, rekodi ya 2019 ikavunjwa. Kila chama kimeshaikuta silaha hiyo ikiwa imelala mezani na kikaishika.

Na wanaoishika hawaumii. Mshahara wa rais unalindwa na katiba. Mishahara ya wabunge hutoka kwenye fungu la kudumu lisilotegemea bajeti ya mwaka. Wasaidizi wao wangeweza kuonja, lakini mwaka ule, kama nilivyosema, muswada wa matumizi ya Congress ulikuwa umeshapita mwezi Septemba. Kila aliyekuwa na kura ya kuamua lini serikali ifunguliwe alikuwa analipwa.

Linganisha na mifumo iliyorithiwa kutoka Uingereza. Tanzania, ibara ya 90 ya Katiba inampa rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali. Maana yake ni kwamba bajeti ikikwama, wanaohatarisha kazi ni wabunge wenyewe, wakarudi majimboni kuomba kura. Unaweza kulaumu kwamba kanuni hiyo inawafanya wabunge wawe waoga mbele ya serikali, nami nakubali inawafanya hivyo. Ila muuguzi wa Mwananyamala hashikwi mateka. Kenya, ibara ya 222 inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio kabla sheria ya matumizi haijapita. Mahali Kenya ilipokaribia kisa cha Marekani ni kwenye kaunti: mwaka 2020 Seneti ilivutana miezi kadhaa juu ya fomula ya kugawa mapato, fedha zikasimama, magavana wakatangaza kusitisha huduma, na fomula ikapita katikati ya Septemba. Ni hali ileile: waliokuwa wanabishana Nairobi walilipwa, na waliongoja mshahara walikuwa kwenye zahanati.

Marekani ingeweza kuweka kanuni kama hizo kesho. Miswada ya kufanya bajeti ya mwaka uliopita iendelee yenyewe pale mpya inapokwama imepelekwa Congress mara nyingi, na wabunge wa pande zote. Haipiti. Inapunguza nguvu ya kila atakayetaka kutishia siku moja, na kila mbunge anajiona ndiye huyo.

Mahakamani, na baada ya hapo

Vyama vya wafanyakazi havikukaa kimya. Kimoja kilimwomba Jaji Richard Leon wa Washington aiamuru serikali iwalipe wanaofanya kazi. Tarehe 15 Januari 2019 alikataa, akisema ataleta vurugu akiingilia ugomvi wa mihimili mingine. Njia nyingine ilionekana na matumaini zaidi. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani inamtaka mwajiri alipe kwa wakati, na akichelewesha anadaiwa fidia sawa na kiasi alichochelewesha. Baada ya kufungwa kwa 2013, mahakama ya madai ilikuwa imekubali kwamba hata serikali ni mwajiri na inadaiwa. Kwa msingi huohuo wafanyakazi wa 2019 walifungua kesi.

Novemba 2022 mahakama ya rufaa ilibadili mwelekeo. Majaji walio wengi walisema serikali haivunji sheria ya mishahara inapozuia malipo kwa kutii ile sheria nyingine inayokataza kutumia fedha zisizoidhinishwa. Kwa maneno mengine, Congress kwa kutopitisha bajeti inajipa kinga dhidi ya sheria ya kazi iliyoitunga yenyewe. Hoja ya kisheria ina mantiki yake. Matokeo yake ni kwamba kuchelewesha mishahara ya mamia ya maelfu ya watu hakuigharimu serikali hata faini.

Hata ile ahadi ya malimbikizo iliyosainiwa Januari 2019 ilikuja kutiliwa shaka. Mwezi Oktoba 2025, serikali ikiwa imefungwa tena, ofisi ya bajeti ya Ikulu ilitoa hoja kwamba sheria hiyo haiwalipi waliokaa nyumbani mpaka Congress iidhinishe fedha upya. Rais aliyeko madarakani alikuwa ni yuleyule aliyeisaini. Ilibidi kifungu cha kuwalipa kiandikwe tena ndani ya sheria iliyofungua serikali tarehe 12 Novemba 2025. Wafanyakazi wa wakandarasi hawakuwekwa kwenye kifungu hicho pia.